Mtaalamu wa Udongo na Mimea Kazini

Kazi ya mtaalamu wa udongo na mimea ni kueleza kwa nini zao lilelile hustawi upande huu wa kilima na kudumaa upande ule, kisha kusema lipi lifanyike. Mkemia anaweza kupima udongo ulioletwa na mtu mwingine bila kuliona shamba. Mtaalamu wa mimea anaweza kusoma majani bila kushika jembe. Huyu wa udongo na mimea hana nafasi hiyo. Lazima autazame mmea pamoja na kilicho chini yake, tena mahali palepale vilipo, kwa sababu jibu la shamba moja laweza kuwa kosa kwa shamba la jirani.

Usukumani jambo hilo huonekana kwa macho. Juu ya vilima kuna majabali ya matale. Ukianza kuteremka, unakuta udongo mwekundu ambao Wasukuma huuita kikungu. Chini yake unafuata luseni, udongo wa kichanga, mwepesi kulima, unaopitisha maji upesi na kuishiwa rutuba upesi. Ukizidi kushuka, unafika itogolo, ambako jembe hugonga tabaka gumu karibu na uso wa ardhi na maji ya mvua hutuama. Bondeni kabisa ni mbuga: mfinyanzi mweusi unaovimba na kunata wakati wa masika, kisha kupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi. Wakulima wa huko wamepanga mazao yao kwa kufuata mteremko huo tangu zamani. Mihogo hukaa kwenye luseni, na mpunga hukaa kwenye majaluba ya huko chini, ambako maji yanayouudhi mhogo ndiyo yanayotakiwa.

Aliyeuingiza mpangilio huo katika sayansi ni Geoffrey Milne, mkemia wa udongo katika Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Afrika Mashariki kilichokuwa Amani, Usambara Mashariki. Mwaka 1935 alipendekeza kwamba udongo wa namna mbalimbali unaojirudia kwa utaratibu uleule kutoka kileleni hadi bondeni usomwe kama mfuatano mmoja, naye akauita katena. Mwaka uliofuata ilitoka ramani ya awali ya udongo wa Afrika Mashariki aliyoiongoza. Kabla ya hapo, wachora ramani walikuwa wakitafuta udongo mmoja wa kuiwakilisha wilaya nzima. Milne, aliyeviona vilima vya Buganda na vya Usukuma, alionyesha kwamba mteremko wenyewe ndio sababu. Maji hushuka na chembe laini na chumvi, juu hubaki kokoto na chuma, chini hukusanyika mfinyanzi. Alifariki mwaka 1942, lakini wazo lake linafundishwa hadi leo katika vyuo vya udongo duniani kote, na ni haki kukumbuka kwamba lilizaliwa hapa, katika vilima ambavyo wenyeji walikwisha kuvipa majina tabaka kwa tabaka.

Kazi ya uwandani huanza kwa kuchimba. Shimo la uchunguzi huwa na kina cha mita moja na nusu hadi mbili, na ukuta mmoja huachwa wima, upande unaopigwa na jua, ili usomwe vizuri. Mtaalamu hushuka ndani na kisu. Huukwangua ukuta taratibu kutoka juu kwenda chini, na mara nyingi mkono huhisi mpaka wa tabaka kabla jicho halijauona, maana kisu hubadilisha mlio na uzito. Kila tabaka hupimwa kina chake, rangi yake hulinganishwa na vibao vya rangi vya Munsell, na mizizi huhesabiwa. Mizizi ya mahindi ikigeuka ghafla na kwenda ubavu kwenye sentimita ishirini, hapo pana tabaka lililoshindiliwa, mara nyingi na plau ya trekta au kwato za ng'ombe. Mkulima wa shamba hilo atalalamika kila mwaka kwamba mahindi yake yananyauka mapema kuliko ya wenzake, na mbolea haitamsaidia.

Rangi nayo ina habari. Wekundu ni wa chuma kilichopata hewa ya kutosha. Rangi ya kijivu yenye madoadoa ya kutu huonyesha kwamba maji hupanda hadi hapo na kukaa kwa sehemu ya mwaka, hata kama shimo limechimbwa Agosti na udongo ni mkavu kabisa. Weusi kwa kawaida ni dalili ya mboji, ila si daima: mbuga ni nyeusi tititi na bado yaweza kuwa na mboji kidogo. Wengi hudanganyika hapo.

Umbile la udongo hupimwa kwa mkono. Udongo hulowanishwa kidogo, hufinyangwa kiganjani, kisha husukumwa kwa kidole gumba juu ya kidole cha shahada utoke utepe. Utepe ukikatika upesi, mchanga umezidi. Ukirefuka bila kukatika na kung'aa ulipopitishwa kidole, huo ni mfinyanzi. Udongo tifutifu hukaa katikati. Wapo wataalamu wa zamani wanaoweka chembe kidogo kati ya meno ili kuutambua mchanga mwembamba ambao vidole haviuoni. Mtu aliyefanya hivyo kwa miaka mingi hukadiria kiasi cha mfinyanzi kwa namna inayokaribiana sana na majibu ya maabara.

Kuchukua sampuli huonekana kazi nyepesi, na ndipo makosa makubwa hutokea. Hekta moja ya udongo kwa kina cha sentimita 20 ina uzito wa tani 2,600 hivi. Kutoka humo maabara itapokea nusu kilo, na kipimo cha pH, yaani cha uchachu, kitatumia gramu kumi tu. Kwa hiyo udongo huchotwa sehemu nyingi kwa kupita shambani mshazari, kulia na kushoto, kwa kina kilekile kila mara, kisha huchanganywa kwenye ndoo safi ya plastiki. Ndoo ya bati haifai, kwa sababu zinki yake huingia kwenye sampuli. Mahali palipokuwa na boma la ng'ombe, kichuguu, njia ya miguu, au jivu la mabua yaliyochomwa huachwa. Shamba lenye mteremko hugawanywa: sampuli ya juu mbali, ya chini mbali. Anayechanganya luseni na mbuga katika mfuko mmoja hupata wastani wa udongo ambao haupo popote.

Maabara huanza kwa kuianika sampuli kivulini, kuitwanga na kuipitisha kwenye chekecheke yenye matundu ya milimita mbili. Gramu kumi huchanganywa na mililita 25 za maji, hukorogwa, huachwa zitulie, kisha hupimwa uchachu. Kipimo cha pH si cha kujumlisha na kutoa kama kilo. Kushuka kwa namba moja ni uchachu kuongezeka mara kumi, hivyo shamba lenye pH 4.5 limelizidi lenye 5.5 mara kumi. Ikishuka chini ya 5.5 hivi, alumini iliyokuwa imefungwa katika chembe za mfinyanzi huanza kuyeyuka. Alumini hiyo huziumiza ncha za mizizi, zikawa fupi na nene, zikashindwa kwenda chini. Mmea hulala njaa na kiu ilhali maji yapo nusu mita tu chini yake.

Uchachu wa namna hiyo ni jambo la kawaida katika nyanda za juu zenye mvua nyingi, kama kusini mwa Tanzania na magharibi mwa Kenya, ambako mvua za karne nyingi zimesomba kalisi na magnesi. Mbolea za amonia, zikitiwa mwaka hadi mwaka bila chokaa, huuongeza. Dawa yake inajulikana: chokaa ya kilimo, itiwe mapema na ichanganywe na udongo. Hata hivyo kiasi chake hutegemea udongo wenyewe. Kichanga huhitaji kidogo na mfinyanzi huhitaji kingi ili kufika pH ileile. Halafu si kila uchachu ni ugonjwa. Chai ya Mufindi na ya Kericho hupenda pH ya kati ya 4.5 na 5.5, na anayeipa chokaa shamba la chai kwa kuiga jirani wa mahindi analiharibu.

Fosforasi ndiyo inayowasumbua wataalamu wengi katika udongo mwekundu wa kitropiki. Oksidi za chuma na alumini huidaka na kuifunga, kiasi kwamba mkulima anaweza kumwaga mbolea ya kupandia na mmea ukapata sehemu ndogo tu. Ndiyo maana hushauriwa iwekwe ndani ya shimo, karibu na mbegu bila kuigusa, badala ya kutawanywa shamba zima. Mwamba wa fosfeti wa Minjingu, unaochimbwa karibu na Ziwa Manyara, una tabia inayofaa hapa. Huyeyuka vizuri zaidi penye uchachu, kwa hiyo udongo mchachu usio na kalisi ya kutosha ndio unaoufungua. Penye udongo wenye chokaa nyingi hubaki kama changarawe.

Baada ya udongo, mmea wenyewe husomwa. Hindi lililokosa naitrojeni huanza umanjano kwenye majani ya chini, nao huingia kutoka ncha na kufuata mshipa wa kati kama herufi V. Kasoro ya potasi huunguza kingo za majani ya chini. Kasoro ya fosforasi huleta zambarau kwenye mche mchanga. Zinki ikikosekana, weupe hujitokeza kwenye majani machanga ya juu. Ipo sababu ya dalili kuwa chini au juu: naitrojeni, fosforasi na potasi huhama, hivyo mmea wenye njaa huyanyang'anya majani mazee ili kuyalisha machanga, ilhali zinki na chuma hazihami kwa urahisi, na upungufu huonekana kwanza kwenye chipukizi.

Dalili hizo husaidia, lakini haziaminiwi peke yake. Zambarau huletwa pia na baridi ya asubuhi za nyanda za juu, nayo huondoka yenyewe siku zikipata joto. Umanjano huletwa na maji yaliyotuama. Kiduha hunyonya mizizi ya mahindi na mtama wiki kadhaa kabla hakijatoa maua yake mazuri juu ya ardhi, na katika muda huo shamba hufanana kabisa na lililokosa mbolea. Kwenye maharage na soya mtaalamu hung'oa mmea kwa uangalifu, huosha mizizi na kukipasua kinundu kwa ukucha. Ndani pakiwa pekundu au pa waridi, bakteria wanafanya kazi na kuivuna naitrojeni hewani. Pakiwa peupe au pa kijani, vinundu vipo bure. Kipimo hicho hakina gharama yoyote, na kila afisa ugani angefaa kukifanya mbele ya wakulima.

Yote hayo hutoa dhana tu. Kuthibitisha ni kazi ya majaribio ya shambani, na huko ndiko miaka ya mtaalamu inakoishia. Shamba hugawanywa vitalu. Kimoja hakitiwi kitu, vingine hupewa viwango mbalimbali vya kile kinachojaribiwa, na mpangilio mzima hurudiwa mara tatu au nne. Kila kitalu hupewa nafasi yake kwa bahati nasibu, ili mtafiti asiipeleke mbolea anayoipenda mahali penye rutuba, hata bila kukusudia. Utaratibu huo uliwekwa na R. A. Fisher katika kituo cha Rothamsted, Uingereza, miaka ya 1920, mahali ambapo jaribio la ngano lililoanza 1843 bado linaendelea. Wakati wa mavuno, mistari ya pembeni huachwa kwa sababu hupata mwanga na chakula cha ziada. Nafaka hupimwa pamoja na unyevu wake, kisha uzito hurekebishwa kwa unyevu mmoja. Na msimu mmoja hautoshi, kwa kuwa mwaka wa mvua nzuri huifanya karibu kila mbolea ionekane ya ajabu.

Madhara ya kuruka hatua hizi yaliandikwa kwenye ardhi ya Kongwa, Ugogo. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilituma Tanganyika ujumbe wa watu watatu ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa nchi hiyo. Wenzake walikuwa msimamizi wa mashamba makubwa na mtu wa benki. Kwa wiki tisa walizunguka, kwa sehemu kubwa angani, kisha wakapendekeza ekari zaidi ya milioni tatu za karanga. Kazi ilianza 1947. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi na mchanga mkali wa kwatzi. Kiangazi ulikauka ukawa mgumu kiasi kwamba karanga hazikung'oka, na mchanga wake ulikula vyuma vya mashine. Mvua za Ugogo, ambazo Wagogo wanazijua kwa uhaba wake, hazikuja kwa kufuata mpango. Mwezi wa Januari 1951 mradi ulifutwa baada ya kugharimu takribani pauni milioni 36. Mashimo kadhaa na misimu michache ya vitalu vidogo vingesema mapema kile ambacho matrekta yalikuja kukisema kwa gharama hiyo. Wanakijiji wa pale nao wangekisema, kama wangeulizwa.

Kazi iliyofanywa Amani juu ya mhogo katika miaka hiyohiyo ilikwenda mwendo mwingine kabisa. Ugonjwa wa batobato, unaoyapinda majani ya mhogo na kuyatia mabaka ya manjano, uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika nchi ambayo sasa ni Tanzania. H. H. Storey, mtaalamu wa magonjwa ya mimea aliyekuja Amani mwishoni mwa miaka ya 1920, alikuwa tayari amejijengea jina kwa kuchunguza milia ya mahindi, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mdudu mdogo arukaye kwenye majani. Aligundua kwamba baadhi ya wadudu hao hawawezi kabisa kuueneza, na kwamba uwezo huo hurithiwa. Kisha, kwa sindano nyembamba mno, alitoboa utumbo wa wadudu wasioweza, na baadhi yao wakaanza kuambukiza. Kizuizi, basi, kilikuwa kwenye ukuta wa utumbo. Mdudu mwenyewe ana urefu wa milimita tatu hivi.

Kwa mhogo, Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walionyesha mwaka 1938 kwamba batobato huenezwa na inzi weupe. Kung'oa mimea migonjwa kulisaidia kidogo, lakini walitaka mhogo unaojilinda wenyewe. Mihogo ya kawaida haikuwa na kinga ya kutosha, kwa hiyo waliuzalisha pamoja na ndugu yake, mti wa mpira ulioletwa kutoka Brazili. Machotara wa kwanza walistahimili ugonjwa, ila mizizi yao ilikuwa kama ya mti: mirefu, migumu, isiyolika. Ikabidi wazalishwe tena na mhogo, kizazi baada ya kizazi, na kila mara kuchagua mimea michache iliyohifadhi kinga na kurudisha unga. Kazi hiyo ilipokewa na D. L. Jennings na kuendelea hadi miaka ya 1950.

Matokeo yake yalitembea mbali. Mbegu kutoka Amani zilipelekwa Nigeria, na kutokana nazo taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, IITA, ya Ibadan, chini ya Sang Ki Hahn, ilizalisha mihogo yenye kinga kuanzia miaka ya 1970. Batobato kali ilipoiangamiza mihogo ya Uganda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, mojawapo ya aina zilizorudisha chakula ilikuwa Migyera, mzao wa ukoo huo. Mhogo chotara mmoja wa Amani, uliosajiliwa kwa namba 46106/27, uliachwa ukaingia kwa wakulima na kupata majina yao: pwani ya Kenya huitwa Kaleso, na kusini mwa Tanzania huitwa Namikonga. Vipimo vya vinasaba vilikuja kuonyesha kwamba ni mhogo mmoja. Wakulima waliutunza kwa miongo mingi kwa sababu unahimili ugonjwa mwingine ambao Storey huyohuyo aliuandika mwaka 1936, ule wa michirizi ya kahawia. Ugonjwa huo ni mbaya kwa siri yake. Majani huweza kuonekana mazima, na mkulima huugundua akiwa ameshavuna, mzizi ukipasuliwa na kukutwa umeoza kikahawia ndani. Kwa muda mrefu ulidhaniwa kuwa wa pwani na nyanda za chini tu. Kuanzia 2004 ulionekana ukienea Uganda, kwenye maeneo ya juu ya mita elfu moja, na watafiti waliutafuta tena mhogo wa namba ile ili kuuzalisha upya.

Leo taaluma hii inasomwa, miongoni mwa vyuo vingine, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Mlingano, wilayani Muheza, kituo kilichoanzishwa kwa ajili ya mkonge, ndicho kinachobeba utafiti wa udongo kitaifa chini ya taasisi ya utafiti wa kilimo ya Tanzania, TARI. Kenya kazi hiyo iko kwenye shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO. Vifaa vimebadilika. Nairobi, maabara ya shirika la kilimo mseto, ICRAF, huusoma udongo kwa mwanga wa infraredi: unga kidogo huwekwa kwenye kifaa, na kwa dakika chache mtawanyiko wa mwanga hukadiria mboji, mfinyanzi na naitrojeni kwa gharama ndogo. Manufaa yake ni makubwa kwa nchi zenye maabara chache. Lakini kifaa hukadiria kwa kulinganisha na sampuli zilizokwisha kupimwa kwa kemikali, na kama hakuna aliyekwenda kuchimba katika tarafa fulani, makadirio ya tarafa hiyo ni ya kuazima.

Hatua ya mwisho ni ushauri, na hupimwa kwa mfuko wa mkulima. Kiwango cha mbolea kinacholeta mavuno makubwa kuliko yote kwa kawaida si kile kinacholeta faida kubwa kuliko yote, kwa kuwa kilo za mwisho za mbolea huongeza gunia kwa uchache kuliko zile za kwanza. Ushauri unaofaa hutaja bei ya mbolea na bei ya zao za mwaka huo, hutaja samadi iliyopo bomani, na huandikwa kwa vipimo anavyotumia mtu shambani: kizibo cha soda kwa shimo, debe kwa mstari, mfuko kwa ekari. Hueleza pia kipi kianze fedha zikiwa haba. Kwenye shamba chachu sana, mara nyingi ni chokaa kabla ya mfuko wa pili wa mbolea. Baada ya miaka mitatu au minne udongo hupimwa upya, mahali palepale, kwa kina kilekile na kwa mbinu ileile ya maabara, la sivyo namba za mara ya kwanza na za mara ya pili hazilinganishiki.